Daftari la Mikarafuu

Mkarafuu wa arobaini na mbili, upande wa Mtambwe,
una namba ya chokaa shinani
na mstari wake katika daftari la Bwana Shaame Faki:
mwaka uliopandwa, pishi za msimu uliopita,
ugonjwa, samadi, tawi lililochanika.

Jumanne asubuhi tawi jingine lilichanika
na Gaudensi akaja nalo chini.

Waliofika kwanza walitazama juu.
Siwalaumu. Mti ule ni wa babu zao,
na kidonda chake cheupe kilinukia
kama kinywa cha mtu aliyetoka kung'oa jino.
Kisha mmoja akasema: "Na huyu je?"

Mimi ni Skolastika, mfagiaji wa kanisa la Wete.
Nafua vitambaa vya altare, nahesabu mishumaa,
maana mishumaa huhesabiwa.
Waumini tu wachache, wengi wapita njia:
askari wa zamu, mwalimu wa hesabu,
vijana wa bara wanaokuja na msimu na kuondoka nao.
Gaudensi alikaa benchi la nyuma, kando ya mlango,
ili viatu vyake visionekane.

Hospitali walimfunga plasta, wakampa karatasi.
Nikamlaza chumba cha nyuma,
kati ya mabenchi mabovu na pango la Noeli.
Jirani yangu Bi Mize hakuuliza dini ya mfupa.
Alikuja na mafuta ya makonyo, bismillahi mdomoni,
akaanza kuukanda mguu ulio mzima,
"maana huu ndio utakaofanya kazi ya miwili."

Katekisimu niliyofundishwa Peramiho
ilisema mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu.
Niliikariri nipate kipaimara.
Sikuambiwa kwamba sura hiyo huvimba,
hutoka jasho, huomba kopo usiku wa manane
kwa sauti ndogo, ikigeukia ukutani.

Nilipofua shati lake
karafuu kumi na tatu zilitoka mfukoni.
Nikazianika dirishani, sikusema neno.
Aliziona mwenyewe.
"Za jino la mama," akasema, akalia,
yeye ambaye mguu haukumliza.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilikwenda Mtambwe.
Njia nzima nilipanga maneno makubwa,
nikamweka Musa mbele, Farao nyuma.
Nikamkuta Bwana Shaame amepiga magoti juu ya ngazi,
kanzu ameifunga kiunoni,
anaupaka ule mchaniko udongo wa mfinyanzi,
anauzungushia gunia taratibu
kama anayemfunika mtoto asiamke.

Maneno yangu yakapungua.
Kulima na kutunza, kinasema kitabu cha Mwanzo,
na mimi miaka yote nilidhani
bustani ni bustani, na mtunzwa ni mti.

Nilishika upande wa pili wa gunia.
Majimoto waliniuma hadi kwenye kiwiko, nikanyamaza.
Tulipofunga fundo la mwisho nikasema:
"Bwana Shaame, lete daftari."

Akalifungua. Miti, miti, kurasa za miti.
Na pembeni, kwa penseli, vijistari:
vinne vimesimama, cha tano kimevikata,
vinne vimesimama, cha tano kimevikata.
Ndio wachumaji.

"Wangu mimi ni kipi hapo?"

Akapitisha kidole. Akarudi. Akapitisha tena.
Kidole kilikuwa na udongo,
kila kijistari kikabaki na doa.

Hakuomba radhi, wala sikumdai.
Aliuliza plasta itakaa wiki ngapi,
nani anamlisha, mama yake yuko wapi.
Ya mama nilimjibu, na ya jino pia.
Alicheka kidogo, kisha hakucheka.

Akatafuta mfukoni kalamu ya wino,
akaweka ncha yake chini ya arobaini na mbili,
mahali palipokuwa patupu.

"Gaudensi," akasema. "Linaandikwaje?"